Nimeigiza TV ya mkoani miaka tisa, nikiondoka jina la uhusika wangu linabaki la nani?

kofia_ya_baba

Wakuu habari za jioni. Naomba mnivumilie nitaandika kirefu, hili jambo limenikaa kifuani tangu mwezi wa tatu na nyumbani nimeshalizungumza mpaka mke wangu ameniambia nenda kaulize watu wanaojua.

Mimi ni mchekeshaji kwenye kituo kimoja cha TV cha mkoani. Kituo sitaji na mkoa sitaji, na jina la uhusika ndio kabisa siwezi kuliandika hapa maana watu wa kwetu watanijua dakika hiyo hiyo, mimi watoto wa mtaani wananiita kwa jina hilo hata nikiwa nimebeba mtungi wa gesi, jina langu la kuzaliwa wanalijua ndugu na benki tu.

Niliingia pale 2015 na sikuingia kama msanii. Niliingia kama mvuta waya, yaani kamera ikisogea mimi niko nyuma yake nakunja na kukunjua nyaya na kubeba stendi za taa, na siku za kurekodi nje ndiye ninayekaa juu ya vyombo nyuma ya pikapu. Sasa siku moja kwenye kipindi cha jioni yule jamaa aliyekuwa anaigiza baba mwenye nyumba hakutokea, simu haipatikani, prodyuza akaangalia huku na huku akaniambia wewe si ndio huwa unatuchekesha kwenye gari, haya vaa koti. Nikavaa. Ila sikuigiza baba mwenye nyumba wao, nilimtoa mzee niliyembuni mwenyewe ambaye nilikuwa naye tangu niko sekondari, mzee mbishi anayedai kila kitu duniani kilianzia kijijini kwao, treni ilianzia kwao, simu ilianzia kwao, hata mvua ilinyesha kwao kwanza ndio ikaja huku. Wiki ile ile watu wakaanza kupiga simu studio wanamuulizia yule mzee yuko wapi.

Tangu hapo kazi niliyofanya pale sijui niiite nini. Komedi ya jioni mara mbili kwa wiki. Jumamosi asubuhi kipindi cha watoto, natega vitendawili na kusimulia hadithi. Kuna kipindi msomaji wa hali ya hewa alijifungua nikasoma mimi miezi mitatu kwa sauti ya mzee na simu zilikuwa nyingi kuliko za taarifa ya habari. Redio ya kituo asubuhi, matokeo ya ligi ya mkoa jioni, Nane Nane nasimama kwenye banda la kituo siku zote za maonyesho nikiwa na koti kwenye jua. Zote hizo kwa mshahara wa laki tatu na nusu, na posho ya elfu ishirini kwa kipindi ambayo ikichelewa inachelewa kweli.

Kinachoniweka mjini ni nje. Harusi, sendofu, kichen pati za watu waungwana ambao hawataki matusi, mahafali ya shule, uzinduzi wa maduka. Kwa harusi moja napata kati ya laki nne na laki saba, yaani Jumamosi mbili za mwezi zinazidi mshahara. Na hayo yote yanakuja kwa sababu ya yule mzee, hakuna kamati ya harusi iliyowahi kunipigia ikaniita kwa jina langu.

Sasa mgogoro. Mwezi wa tatu kampuni moja ya nje ya mkoa imenitafuta inataka mzee afanye tangazo la TV na redio na mabango, hela ambayo sijawahi kuishika. Nikaenda ofisini kwa adabu kuomba ruhusa. Meneja mpya akaniambia huyo mhusika ni mali ya kituo, tangazo lipite ofisini, wao walipwe na mimi nipewe posho. Nikamwambia bosi huyu mzee nimekuja naye. Akanijibu ukitaka kuondoka ondoka, koti tutamvalisha mwingine. Wakuu lile koti nililinunua mimi mwenyewe mtumbani kwa elfu sita, kofia ni ya marehemu baba.

Maswali yangu: mhusika ni wa nani? Nikiondoka naruhusiwa kuendelea naye? Na la tatu, mke wangu anasema mshika mawili moja humponyoka, nichague kazi moja, ama TV ama u-MC ama matangazo. Nyie mnaonaje.

Mzee wa Ukumbi

Kaka pole sana na hongera kwa pamoja, maana kumjenga mtu mpaka mji mzima unamwita siyo kazi ndogo.

Nianze na la shemeji kwa sababu hilo ndilo ninalolijua, miaka kumi na nne nashika maiki kwenye kumbi. Shemeji ana nia njema ila kwenye kazi yetu hayo siyo mawili, ni moja. TV inakupa sura, sura inakupa ukumbi, ukumbi unakupa maneno mapya ya kurudi nayo TV. Ukikata mzizi mmoja mti mzima unanyauka. Angalia waliotutangulia, nani aliishi kwa kipindi peke yake? Kaole, lile kundi la maigizo la ITV, kizazi kizima kilitokea pale na kila mtu akatawanyika na njia yake, Dk. Cheni ametoka kwenye tamthilia akaingia kwenye filamu na leo ukitaja washereheshaji wakubwa wa harusi Dar huwezi kumruka. Masanja wa kundi la vichekesho la Orijino Komedi amechekesha, ameimba injili, amekuwa mchungaji, amelima mpunga, na 2015 alichukua fomu ndani ya chama kuomba ubunge wa Ludewa. Mchekeshaji Kingwendu mwaka huo huo aligombea ubunge Kisarawe kwa tiketi ya chama cha CUF, hakushinda lakini alisimama jukwaani akaomba kura kama wengine. Sharo Milionea Mungu amrehemu alikuwa anachekesha na anaimba, na ule mwendo wake wa kisharobaro ulifanya kazi kotekote, kwenye filamu na kwenye shoo. Watu wanaona ni kuhangaika. Mimi naona ni ufundi mmoja unaohamishwa chombo.

Ila kuna kitu shemeji amekiona na ana haki. Usizichukue zote siku moja. Mimi nilishawahi kutoka kurekodi redio alfajiri nikaenda kuendesha kikao cha mchana nikaingia ukumbini saa moja usiku, sauti ikakatika wakati wa kumkaribisha baba wa bibi harusi, yule mzee alisimama pale na glasi yake ananiangalia midomo. Familia iliyochanga mwaka mzima haikustahili ile. Tangu siku hiyo Ijumaa na Jumamosi sitoki nje ya ratiba, na advansi sipokei kama tarehe imekaribiana na nyingine.

Na bei yako pandisha. Laki nne kwa mtu anayetoka TV mara mbili kwa wiki unawaumiza na wenzako.

Msema_chake

Mimi nitasema tofauti. Umetoka kuvuta waya wakakuweka mbele ya kamera, wangekuacha kwenye waya leo ungekuwa unaulizia jina la nani? Kamera zao, taa zao, umeme wao, masafa wao ndio wanalipia. Walikulipa mshahara ukasaini. Mwajiri ana haki yake, tusimfanye adui kila mara.

bintiKamera

@Msema_chake kaka ulichosema kina ukweli nusu, nami nitajibu nikiwa ndani maana nimekaa control room miaka sita kabla sijaacha kazi nikalee watoto.

Ni kweli bila kamera yule mzee angebaki kwenye gari la lokesheni. Lakini mimi nimeona kamera hizo hizo, taa hizo hizo, wakiwekwa watu wanane mbele yake na hakuna hata mmoja aliyeulizwa na mtazamaji wiki iliyofuata. Mtu wa komedi anapokosea mstari akaokoa kwa kukohoa tu na studio nzima ikacheka mpaka kamera namba mbili inatikisika, hicho hakimo kwenye skripti na wala hakimo kwenye bajeti. Kituo kinatoa chombo na msanii anatoa roho ya kitu, kwa hiyo huwezi kuniambia vyote ni vya mmoja.

Kofia mdogo wangu, mimi nataka nikuombe kitu kimoja ambacho hakuna atakayekukumbusha humu. Hicho kipindi cha watoto. Kwenye kazi zako zote umekitaja kwa mstari mmoja kana kwamba ni cha kujazia muda, na mimi nakwambia hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Mtu mzima ukimchekesha kwa jambo la kijinga atacheka kwa heshima, mtoto hacheki kwa heshima. Na vitendawili unavyotega hapo ndio mahali pekee ambapo mtoto wa mjini siku hizi anasikia mtu mzima anamwambia "kitendawili", naye anajibu "tega", kisha akishindwa anatoa mji. Nyumbani wazazi wanarudi saa tatu wamechoka. Ukiondoka pale kila kitu kinaweza kuzibwa, hali ya hewa atasoma mwingine, lakini ukienda mahali pengine beba kipindi cha watoto. Hata kama utakirekodi kwa simu uani kwako.

Na usiondoke kwa hasira. Andika barua ya kujiuzulu, toa notisi, rudisha walichokupa, chukua nakala yenye muhuri. Hii nchi vituo siyo vingi na mameneja wanahamahama, huyo anayekutishia leo kesho utamkuta kwenye kituo kingine ndiye anayepanga ratiba.

wakili_wa_kata

Ndugu muuliza swali, nitajaribu kuandika bila lugha ya mahakamani. Mimi siyo wakili wako, hili ni la kukupa mwanga ujue cha kwenda kumuuliza wakili, na wakili umtafute kabla hujasaini lolote la hilo tangazo.

Unachokiita "mhusika" kisheria ni vitu vitatu vimefungwa kitambaa kimoja, ukivifungua kila kimoja kina mwenyewe.

Cha kwanza ni vipindi vilivyorekodiwa. Hivyo achana navyo, ni vya kituo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema kazi iliyotengenezwa na mwajiriwa akiwa kwenye ajira yake, haki za kiuchumi zinaanzia kwa mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa hiyo usije ukachukua vipindi vya zamani ukavipandisha YouTube kwenye akaunti yako, hapo watakukamata kihalali. Skripti zilizoandikwa na waandishi wao nazo ni hivyo hivyo.

Cha pili ni uhusika wenyewe, ule ubishi, ile sauti, namna anavyodai kila kitu kilianzia kwao. Hapa ndipo penye kazi. Hakimiliki hailindi wazo peke yake, inalinda wazo likishawekwa kwenye umbo, limeandikwa au limerekodiwa. Ukiweza kuonyesha kwamba huyu mzee alikuwepo, na yuko kwenye umbo, kabla hujaajiriwa, basi hakuzaliwa kwenye ajira yao. Umesema ulikuwa naye tangu sekondari. Una karatasi? Una kanda? Una vidio ya mtu yeyote? Maneno ya mdomo yatakusaidia kidogo, vidio yenye tarehe itakusaidia sana.

Cha tatu ni jina. Jina halilindwi na hakimiliki, linalindwa kama alama ya biashara na hiyo kwa Bara inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Siku hizi maombi yanafanywa mtandaoni kwenye mfumo wao wa ORS. Kwanza unafanya upekuzi kuona kama kuna mtu ameshalisajili, kisha unaomba kwenye daraja husika, yaani kundi la bidhaa au huduma, burudani iko daraja la 41, ukitaka na fulana au kofia zenye jina lako hizo ziko daraja la 25 na unalipia peke yake. Ombi likikubaliwa linatangazwa, na mtu mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Likipita unalindwa miaka 7 ya mwanzo, halafu unahuisha kila miaka 10. Zanzibar wana ofisi yao, usidhani ya Bara inavuka maji.

Mfano mnaoukumbuka wote ni Ze Comedy. Lile kundi lilikuwa kituo cha EATV, kina Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvwanga, Mac Regan, Vengu, na Seki akiongoza. Walipohamia TBC1 2008 watu walihama na vipaji vyao vyote lakini jina halikuhama nao, likazua mvutano, ndio wakawa Orijino Komedi. Tazama mambo mawili hapo. Jina la kipindi lilibaki nyuma, lakini Joti aliendelea kuwa Joti na Masanja aliendelea kuwa Masanja, na watazamaji walifuata majina ya watu. Wewe kilicho chako ni kipi, jina la kipindi au jina la mtu? Kwa maelezo yako ni la mtu, na hilo linakupa nguvu.

Nataka nione mkataba wako. Ulisaini lini na umeandikwaje?

kofia_ya_baba

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na mke wangu nimemsomea kwa sauti. @bintiKamera dada yangu hayo ya watoto yamenigusa, nilikuwa sijawahi kuyaona hivyo.

@wakili_wa_kata mkataba nilisaini 2018. Kuanzia 2015 mpaka 2018 sikuwa na mkataba wowote, nilikuwa nasaini daftari la posho tu. Ukurasa wa pili unasema "kazi zote zitakazobuniwa na mwajiriwa katika kipindi cha mkataba huu zitakuwa mali ya mwajiri". Hakuna sehemu wametaja jina la mzee. Nimesoma mstari kwa mstari. Na ule mkataba uliisha 2021, haukuhuishwa, naendelea kulipwa mshahara kama kawaida.

Ushahidi wa kabla ya 2015, hapo ndio nakuna kichwa. Shuleni tuliigiza siku ya mahafali lakini nani alikuwa na kamera.

wakili_wa_kata

"Zitakazobuniwa". Neno hilo linatazama mbele. Kitu kilichobuniwa kabla ya 2015 hakiwezi kuwa kimo ndani ya kazi zitakazobuniwa kuanzia 2018. Sisemi umeshinda, mkataba kuisha huku unaendelea kulipwa ni jambo lenye pande zake na wakili wako atalitazama. Nasema tu una pa kusimama. Tafuta vidio yoyote ya zamani hata iwe mbovu.

Na jambo la kodi, wakishaanza kukulipa nje ya mshahara wanakukata kodi ya zuio asilimia 5 kwa huduma. Dai cheti cha makato kila mara. Wasanii wengi wanakatwa na hawachukui cheti, mwisho wa mwaka wanahesabiwa kama hawakulipa chochote.

Mtoto wa Barabara ya Ishirini

Mimi natokea Tanga na kila nikisoma habari ya mkataba wa mchekeshaji namkumbuka mzee wetu King Majuto, naomba niseme japo siyo swali lililoulizwa.

Jina lake halisi Amri Athumani, alizaliwa 1948, akaanza sanaa mtoto mdogo kabisa jukwaani, miaka ambayo huku Bara hakuna aliyeota habari ya televisheni maana televisheni yenyewe kwetu imekuja 1994. Yaani yule mzee alikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kuchekesha watu uso kwa uso kabla kamera haijamkuta. Ndio maana kamera ilipomkuta hakuwa na haja ya kujifunza kitu, alikuwa akiingia tu na lile tumbo na ile suruali watu wameshaanza kushika mbavu. Akaingia kwenye filamu za DVD, sijui ni ngapi, akaingia kwenye matangazo, kila basi la mkoani ukipanda lazima ukute kuna Majuto kwenye skrini ya mbele, nami nimesafiri Tanga Dar mara nyingi abiria wote hatujuani tunacheka pamoja.

2018 akaugua, akapelekwa mpaka India, na hapo ndipo nchi nzima ikaanza kujiuliza, mtu aliyefanya kazi zote hizi fedha iko wapi? Waziri wa wakati ule Dk. Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya Majuto na ya wasanii wengine kuona kama walitendewa haki. Kamati kuundwa ni jambo zuri. Lakini mzee alikuwa kitandani. Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, tukamleta nyumbani Tanga tukamzika, na siku ile nilikuwepo, nimeona wanaume wazima wenye mvi wanalia barabarani wanakumbushana vichekesho vyake wanacheka huku wanalia.

Mzee Small naye, Said Ngamba, aliondoka 2014 baada ya kuugua muda mrefu, na aliugua akiwa hawezi kufanya kazi iliyokuwa inamlisha. Kazi yenu mwili ndio duka. Mwili ukifunga duka limefungwa.

Kwa hiyo ndugu yangu kofia, hilo tangazo ukilipata usiulize kiasi tu. Uliza miezi mingapi. Uliza TV tu au na redio na mabango, kila kimoja kiandikwe bei yake. Uliza wakilirudia mwaka kesho watakulipa nini. Mtindo wa kuchukua kiasi kimoja ukatoa kila kitu milele ndio uliowamaliza wazee wetu kwenye filamu, unauza masta, yaani nakala mama, leo, wenzako wanaizungusha miaka kumi. Na katika hiyo hela ya kwanza jiandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mtu aliyejiajiri uchangie mwenyewe, na bima ya afya ya familia, kabla hujanunua gari. Naomba sana hilo la bima.

Mzee wa Ukumbi

Huyu wa Tanga ameongea. Kofia, kuhusu ushahidi, hebu kaa ukumbuke shughuli. Siyo shuleni, shughulini. Sisi watu wa kumbi tunajua, huku kwetu hakuna sherehe isiyo na mpiga picha wa vidio, hata ya uani, hata ya turubai mbili. Kabla ya TV hukuwahi kusimama kwenye sherehe ya ndugu ukamfanya yule mzee?

Msema_chake

Nimeusoma tena uzi wote. Kama mhusika alikuwepo kabla na koti ni lako, basi nakubali, meneja amevuka mpaka kusema atamvalisha mwingine. Ila bado ningeshauri uende na pendekezo mkononi, waambie tangazo ni langu lakini nitaendelea na kipindi cha jioni kwa mkataba mpya unaotaja kwamba mzee ni wangu na wao wana haki ya kumtumia kwenye vipindi vyao tu. Kituo nacho kikimpoteza mzee kinapoteza watazamaji, wanalijua hilo hata kama meneja hasemi.

kofia_ya_baba

Wakuu nimerudi. Samahani nimekaa siku nne kimya.

@Mzee wa Ukumbi swali lako nililala nalo. Asubuhi nikampigia dada yangu mkubwa, nikamwuliza kwenye sendofu yako niliongea? Akacheka akasema wewe ulichukua maiki kwa MC ukavaa kofia ya baba ukawaambia upande wa mume kwamba hata ndoa zilianzia kijijini kwetu. Sendofu ilikuwa Novemba 2013, mimi nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kulikuwa na kamera. Baba alikuwa hai.

Vidio yenyewe ilikuwa DVD, dada anayo ila ilikuwa imekwaruzika haifunguki kwenye deki. Nikamtafuta yule mpiga picha, bado yupo, sasa ana duka la kuchapa fulana, akaniambia sherehe zake zote za miaka ile ziko kwenye hard disk moja ya zamani ambayo mke wake alishataka kuitupa mara tatu. Tulikaa naye mpaka saa sita usiku. Faili la sendofu ya dada lipo, tarehe ipo, na dakika ya hamsini na kitu niko pale, mwembamba, nimevaa shati la shule, kofia imenizidi kichwa, na sauti ni ile ile. Jina la mzee nalitaja mara mbili kwa mdomo wangu. Na kamera inageuka inamwonyesha baba amekaa mstari wa mbele anajifuta macho kwa kicheko.

Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa ajili ya kesi.

Jumatatu nina miadi na wakili, jirani ya mke wangu ndiye aliyetuunganisha. Upekuzi wa BRELA nimefanya jana, jina hilo halijasajiliwa na mtu. Pendekezo la @Msema_chake nitakwenda nalo ofisini baada ya kuonana na wakili na siyo kabla, na nitaomba kipindi cha watoto kibaki hata wakipunguza vingine.

Faili nimelihamisha kwenye flashi mbili, moja ninayo na nyingine iko kwa dada.